Pa ya Kimaiyo

Kuanzia Gilgil hadi Mau Narok, ukipanda na ukishuka, hapakuwa na mpuliza pembe wa kumshinda Kimaiyo. Hilo halina ubishi. Pembe yenyewe ilikuwa moja tu, na ilikuwa kwapani mwake.

Ilikuwa pembe ya shaba, imejikunja kama utumbo wa mbuzi, mdomo wake mpana ukitazama juu kana kwamba unaomba mvua. Ilifika Nakuru pamoja na vyombo vingine vya bendi ya kanisa, miaka michache baada ya vita vya Hitler, ndani ya masanduku yaliyojazwa nyasi kavu. Siku ya kugawana, vijana walipigania tarumbeta nusura wararuane mashati. Walipigania ngoma. Hata lile dude la besi, ambalo humzunguka mtu kama chatu aliyeshiba, lilipata mwenyewe. Kimaiyo alichelewa, kwa sababu ng'ombe wa mzungu wake kule Njoro hawakuwa na habari za bendi, walitaka kukamuliwa kama kawaida. Alipofika alikuta pembe imelala kwenye nyasi peke yake, na aliyechelewa hula ukoko.

Mkubwa wa bendi alikuwa Mwalimu Joash, mpuliza tarumbeta wa zamani wa Keya, lile jeshi la Mwingereza, aliyerudi kutoka Burma na nidhamu yote ya jeshi na nusu ya meno yake. Alimsimamisha Kimaiyo kando ya ngoma kubwa.

"Kazi yako ni nyepesi," akamwambia. "Ngoma ikisema ndu, wewe sema pa."

"Halafu, Mwalimu?"

"Halafu ngoma itasema ndu tena."

"Na mimi?"

"Pa."

Kimaiyo akangoja kuambiwa yaliyobaki. Hayakuwepo.

Miaka sita Kimaiyo alisema pa. Wimbo wa kuandamana ulikuwa ndu-pa, ndu-pa. Wimbo wa Pasaka, wa taratibu, ulikuwa ndu-pa-pa, na wiki ile ya Pasaka Kimaiyo alijiona ameongezwa cheo. Katikati ya kila wimbo palikuwa na mahali ambapo tarumbeta iliachiwa uwanja itambe peke yake, na hapo Kimaiyo alipaswa kunyamaza. Mwalimu Joash alikuwa na sheria ya kunyamaza. Pembe inashuka, inageuzwa, maji ya pumzi yanamwagwa, pembe inaingia kwapani, visigino vinagongana, macho mbele, unahesabu kimoyomoyo mpaka zamu yako irudi. Katika bendi nzima hakuna aliyenyamaza vizuri kama Kimaiyo. Wazungu waliokuja kusikiliza walidhani amekufa akiwa wima.

Lakini moyoni alikuwa na kidonda. Mtu anaweza kupenda wali, lakini si kuupakua kila siku kwa ajili ya meza ya wengine. Wimbo ulikuwa wa Achola. Achola alikuwa karani wa relwe, nywele zimepakwa mafuta zikalala kama paka, na alipoinua tarumbeta yake wasichana walisogea mbele na wamama wakafungua mikoba kutafuta leso. Kimaiyo alikuwa nyuma ya bega lake, pa, pa, pa, kama mtu anayefukuza kuku.

Kibaya zaidi, pa ya wimbo huu ilikuwa ndugu pacha wa pa ya wimbo ule. Jumapili moja bendi ilipiga wimbo mpya, Kimaiyo akadhani ni ule wa zamani, akaupiga wa zamani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyejua. Mwalimu Joash alikuja akamshika bega mbele ya watu wote. "Kimaiyo," akasema, "leo umepiga vizuri kuliko siku zote." Sifa ile ilimuuma kuliko tusi.

Hata hivyo, mpe mtu haki yake. Siku nyuki walipoivamia bendi kule Rongai, tarumbeta zilitoka mbio, ngoma ikabingirika mtaroni, besi ikakimbia na mwenyewe ndani yake mpaka wakakwama kwenye mlango wa kanisa. Uwanjani ilibaki pa peke yake, kwa mpigo uleule, sikio moja la mpulizaji likivimba kama andazi. Walipomuuliza mbona hakukimbia, alishangaa.

"Mwalimu hakuwa amesema basi," akajibu.

Basi, mwaka wa hamsini na saba bendi iliitwa kupiga kwenye Shoo ya Nakuru, pale wazungu walipokuwa wakishindanisha mafahali na maboga. Achola alipiga ule wimbo wake wa katikati mpaka mafahali wenyewe wakaacha kutafuna. Bendi ilipopumzika, msichana mmoja aliyekuja na akina mama wa kanisa kutoka Mau Narok alitembea moja kwa moja akawapita wote, akasimama mbele ya Kimaiyo. Alikuwa mrefu, ana pengo dogo la meno mbele, na jina lake Chepkosgei.

"Ule wimbo uliotutoa machozi," akasema, "ulikuwa ni wewe?"

Kimaiyo akamwangalia Achola, ambaye alikuwa mbali, amezingirwa. Akamwangalia msichana.

"Bendi ni kitu kimoja," akasema.

Ni maneno ambayo hata mchungaji asingepata pa kuyashika. Chepkosgei aliyachukua kama alivyoyataka, akaenda nayo nyumbani. Walionana tena, na tena, siku za soko alipoleta viazi mjini, na kila mara Kimaiyo alikusudia kuyaweka sawa yale mambo, na kila mara aliona lile pengo la meno likicheka, akaahirisha.

Mwisho Chepkosgei akaja sokoni hacheki.

"Nimemwambia Baba habari zako," akasema.

"Akasema nini?"

"Amesema vijana wa mjini wengi ni viatu tu, juu ya viatu hakuna mtu. Nikamwambia wewe si hao, wewe ndiye unayepiga wimbo kwenye bendi. Akasema basi, Jumamosi uje na pembe yako uupige nyumbani, asikie kwa masikio yake. Ukiupiga, wazee wenu waje waongee. Usipoweza, wasijisumbue kupanda mlima."

"Niupige peke yangu?"

"Si ndivyo unavyoupiga?"

Kimaiyo akajikuta ananunua debe zima la viazi ambavyo hakuvihitaji.

Siku iliyofuata alimfuata Achola nyuma ya kanisa, chini ya mikaratusi, akamweleza yote. Achola alicheka mpaka akakaa chini. Lakini hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kupenda mambo. Akamshikisha tarumbeta yake, akamwimbia wimbo kipande kwa kipande. Kimaiyo akavuta pumzi, akakaza midomo, akapuliza kwa mapenzi yake yote kwa Chepkosgei.

Pa.

"Omera, hapana," Achola akasema. "Ivute. Iachilie iende kama mto."

Pa, ikasema tarumbeta. Pa.

"Ndugu yangu, midomo yako imeoa. Haitaki mke wa pili."

Walijaribu mpaka jua likaelekea Mau. Hapo ndipo Achola, akipangusa tarumbeta yake kama anayempangusa mtoto aliyeonewa, alipouliza kama kwa huyo mzee kuna ghala, na kama nyuma ya ghala mtu anaweza kusimama asionekane, na kama kutakuwa na nyama.

Jumamosi wakapanda lori lililokuwa likipeleka magunia matupu Mau Narok kwa ajili ya ngano. Ilikuwa bado Hali ya Hatari, na kwenye kizuizi askari alishuku kila gunia lenye umbo lisiloeleweka. Akalitoa la Kimaiyo.

"Hii ni nini?"

"Pembe, afande. Ya bendi ya kanisa."

"Ipulize."

Pa.

"Endelea."

Pa.

"Nimesema endelea!"

"Ndivyo inavyoendelea, afande."

Askari akaanza kushika bunduki yake vingine. Achola akaruka chini haraka, akatoa tarumbeta, akapiga ubeti mmoja. Kizuizi kikafunguliwa, na askari akamuuliza Achola kama anapatikana kwa harusi. Kimaiyo alirudi juu ya magunia, na lori likapanda mpaka wakaanza kuhisi baridi ya mlima.

Mzee Kiprugut, baba yake Chepkosgei, alikuwa nyapara wa matrekta katika shamba la ngano, na juu ya hayo mzee wa kanisa. Alikaa nje ya nyumba yake ndani ya koti la kijeshi, buti zake zimeng'arishwa, amenyooka kama mtu anayepigwa picha. Kulia kwake, juu ya kigoda, alikaa mama yake, ambaye kila mtu alimwita Kogo, mwanamke mkongwe mwenye masikio yaliyotobolewa ya kizamani na fimbo ambayo hakuihitaji kwa kutembea. Wamama wa jirani walikuwa wakiosha sufuria polepole kuliko sufuria zinavyooshwa. Chepkosgei alisimama mlangoni. Achola alikuwa ameshukia mbali, akapitia kwenye mabua, na sasa alikuwa nyuma ya ghala na buibui wake.

"Wewe ndiye Kimaiyo," Mzee Kiprugut akasema.

"Ndimi, Mzee."

"Nimeambiwa mengi. Mimi siamini ya kuambiwa. Piga."

Kimaiyo akainua pembe, akagonga kisigino chini, ndiyo ishara, akavimbisha mashavu. Na wimbo ukamwagika.

Ulikuwa wimbo, jamani. Ulitoka, ukapanda juu ya paa, ukaenda juu ya mabua ya ngano ukarudi na harufu yake. Sufuria ziliacha kuoshwa. Chepkosgei alishika mwimo wa mlango. Kimaiyo, mashavu yamejaa hewa ya bure, aliona uso wa Mzee Kiprugut ukilegea kidogo kidogo kama kamba iliyoloa, na akajua ameshinda.

Lakini midomo haisomi moyo. Kwa miaka sita midomo ile haijawahi kuuacha wimbo ule upite bila salamu. Ilivumilia ubeti wa kwanza. Wa pili ikashindwa, na kabla mwenyewe hajaizuia, pa ikatoka. Ikafuatwa na dada yake. Sasa pembe moja ilikuwa ikiimba juu na kujibu chini kwa wakati mmoja, na nyuma ya ghala Achola, aliposikia pa yake aliyoizoea, akapata nguvu mpya akaupiga wimbo kama hajawahi kuupiga tangu azaliwe.

"Ala!" Kogo akasema. "Pembe moja, makoo mawili!"

"Ni ufundi, Mama," Mzee Kiprugut akamnong'oneza. "Mjini wanafundishwa."

Pengine ingepita. Lakini wimbo ulifika pale katikati, pale tarumbeta inapoachiwa uwanja, na Kimaiyo akafanya alichofanya kila mara katika maisha yake ya bendi. Alishusha pembe. Akaigeuza. Akamwaga maji. Akaitia kwapani, akagonganisha visigino, akatazama mbele, na akaanza kuhesabu kimoyomoyo kwa utulivu mkubwa.

Wimbo ukaendelea, mtamu kuliko mwanzo.

Wamama wakamtazama Kimaiyo. Wakatazama angani. Wakamtazama tena. Katika boma lote ni yeye peke yake aliyekuwa hajaona kitu, maana alikuwa ananyamaza vizuri. Mpaka alipokutana na macho ya Chepkosgei, ambaye alikuwa amejifunika mdomo kwa leso, ndipo hesabu ikampotea kichwani kwa mara ya kwanza.

"Kijana," Mzee Kiprugut akasema polepole. "Pembe iko kwapani."

"Ndiyo, Mzee."

"Na wimbo uko wapi?"

Kimaiyo alitafuta jibu kwenye buti zake, kwenye buti za mzee, kwenye kuku. Halikuwepo ila moja.

"Wimbo uko nyuma ya ghala, Mzee."

"Unaitwaje huo wimbo?"

"Achola, Mzee."

Achola akatokea, makapi ya ngano kwenye nywele zake za mafuta, akawaamkia wote kwa heshima na kuuliza kama amewahi chakula. Akaonyeshwa gogo la kukalia na kuambiwa afunge mdomo.

"Sasa wewe," Mzee Kiprugut akamgeukia Kimaiyo, na sauti yake ilikuwa imerudi kwenye koti la kijeshi. "Kumbe wewe kazi yako katika bendi ni nini?"

"Kusema pa, Mzee."

"Pa nini?"

"Pa tu."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii, Mzee. Na Chepkosgei hana makosa. Aliniuliza, nikamjibu kwa kuzunguka. Aibu ni yangu."

Chepkosgei akashusha leso. Hakucheka, lakini hakuingia ndani pia, na Kimaiyo aliona hilo.

"Basi ipige hiyo pa," mzee akasema. "Tusikie hicho binti yangu alichotaka kuolewa nacho."

Kimaiyo akainua pembe. Safari hii hapakuwa na ngoma, hapakuwa na Achola, hapakuwa na pa kujificha. Akapiga wimbo mzima kama alivyopangiwa. Kimya, pa. Kimya, pa. Kimya, pa. Mwanzoni wamama waliinamisha vichwa kwa huruma, kama watu wanaomsikiliza mgonjwa. Lakini ikumbukwe kwamba ile pa ilikuwa imeng'arishwa kwa miaka sita. Kila moja ilikuwa safi, imekata wima, sawasawa na iliyoitangulia, kama nguzo za ua uliojengwa na mtu anayeogopa Mungu. Na kati ya nguzo na nguzo palikuwa na nafasi. Nafasi ile ilikuwa inaita.

Kogo ndiye aliyeisikia kwanza. Fimbo yake ikashuka ardhini, ndu, ndani ya ile nafasi, bila kuguswa na pa upande wowote. Akaishusha tena. Mama mmoja akagonga sufuria. Mwingine akaingiza mguu. Hata Achola kwenye gogo lake aliweka tarumbeta chini na kufumba macho, na baadaye alisema hakujua kwamba kwa miaka yote ile alikuwa akitembea juu ya kitu kilichojengwa namna ile, yeye alidhani ni ardhi. Wimbo ulipofika katikati, Kimaiyo akashusha pembe, akamwaga maji, akagonganisha visigino, akahesabu. Boma zima likahesabu naye, hakuna aliyekohoa. Alipoirudisha pembe mdomoni, fimbo ya Kogo ilishuka na pa ikaipokea palepale kama mtoto anayerushwa na kudakwa, na wamama wakapiga vigelegele.

Kimaiyo akamaliza. Akasimama, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameisikia pa yake bila mtu juu yake, na alitaka kuiomba msamaha.

Mzee Kiprugut akakohoa.

"Nimesikia," akasema. "Ni kitu kidogo. Mtoto mwenye debe anaweza. Mimi sikuguswa hata kidogo, na siwezi kuwaita wazee wa watu wapande mlima kwa ajili ya pa."

"Baba," Chepkosgei akasema.

"Nimesema sikuguswa."

"Kiprugut," Kogo akasema, kwa sauti ambayo nyapara yeyote huisikia kutoka kwa mtu mmoja tu duniani. "Kama hukuguswa, mguu wako ulikuwa unafanya nini?"

"Mguu gani, Mama?"

"Huo wa kulia. Ulikuwa unapiga chini kama unachimba shimo la choo."

Mzee akajinyoosha ndani ya koti lake.

"Siafu," akasema. "Nilikuwa nafukuza siafu."

"Sawa. Mimi ni mzee, macho yangu hayaoni siafu. Kijana arudie kidogo. Buti lako likinyamaza, aende zake na pembe yake na huyo mwenzake wa ghala. Likisema, wazee wake waje."

"Na arudie," Mzee Kiprugut akasema kwa dharau, akazikita buti zake mbili chini, kisha kwa usalama akaweka mkono juu ya goti la kulia na kulikandamiza. "Nimesema ni siafu. Piga, kijana."

Kimaiyo akavuta pumzi. Kimya, pa. Kimya, pa. Hakuna aliyemtazama mpulizaji, wote walitazama buti la kulia, nalo lilitulia kama jiwe chini ya mkono wa mwenyewe. Mzee akainua kidevu. Kimya, pa. Akatazama upande wa ngano kama mtu aliyekwisha kuyamaliza ya siku. Ndu, pa. Ndu, pa. Ndu, pa.

Chepkosgei akaanza kucheka, lile pengo lote nje.

"Naona wamehamia mguu wa kushoto," Kogo akasema.